Saa za Kigoma na Kalemie

Bandari hizi mbili hutazamana na Ziwa Tanganyika. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Kalemie, iliyoitwa Albertville zama za Wabelgiji, iliipata mwaka 1915. Jua huzichomozea karibu sawia, lakini Kigoma imetangulia kwa saa nzima, kwani hufuata saa ya Dar es Salaam, iliyo mbali mashariki. Ajabu ni kwamba hesabu ya Kiswahili, ianzayo na mapambazuko, huafikiana zaidi na saa ya Kongo: Kalemie jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili, Kigoma karibu na saa moja. Umoja wa nchi una gharama yake. Mtoto wa Kigoma atakiwaye shuleni saa moja hutembea gizani, hali mwenziwe wa Dar es Salaam amekwisha kuliona jua.