Tetemeko la Tokyo Laandikwa Potsdam

Ning'inizeni jiwe kwa uzi, kisha mkono ulioshika uzi usogezeni ghafula. Mtaona jiwe linabaki nyuma kidogo, maana kitu kizito ni kivivu kuondoka kilipo. Uvivu huo ndio siri ya mtambo wa kuandika matetemeko: nchi hutikisika, uzito hukawia, na tofauti yao huchorwa karatasini.

Mwaka 1889 Mjerumani Ernst von Rebeur-Paschwitz aliweka mtambo mjini Potsdam, uzito wake ukibembea kama mlango juu ya bawaba. Matetemeko hakuyatafuta, alitaka kupima jinsi mwezi uvutavyo, jambo dogo mno. Nuru iliyorudishwa na kioo ilichora mstari juu ya karatasi ya picha. Siku moja ya Aprili mstari ukavurugika, wala hapana mtu wa Potsdam aliyehisi kitu. Baadaye akasoma habari za tetemeko lililopiga Tokyo siku hiyo. Akalinganisha saa za miji miwili, zikapatana. Mtikisiko ulikuwa umesafiri maili 5,000 na zaidi! Akaomba vituo viwekwe duniani kote, vipeane habari. Lakini alikuwa mgonjwa wa kifua; akafa mwaka 1895, umri wake miaka 34, kabla ya kuviona.