Hamira na Walezi wa Protini

Hamira unayotia kwenye unga wa mandazi ni viumbe hai vidogo sana. Protini zake hufanya kazi zikiwa zimekunjwa vizuri. Joto kali huzikunjua, zikagandamana kama ute wa yai jikoni.

Mwaka 1990 nchini Marekani, Yolanda Sanchez na Susan Lindquist walionyesha kuwa hamira iliyozoeshwa joto kiasi hustahimili joto kali baadaye, mradi iwe na protini iitwayo Hsp104. Mwaka 1998, John Glover na Lindquist walieleza zaidi: Hsp104 haifanyi kazi peke yake. Hushirikiana na wenzake, Hsp70 na Hsp40. Pamoja hufumua protini zilizogandamana, zikakunjwa upya. Ni walezi watatu wa mtoto mmoja.

Na sisi je? Miili yetu ina Hsp70 na Hsp40, lakini haina Hsp104. Protini zilizogandamana huonekana kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer na Parkinson. Kwa hivyo mama, mzee wako akizidi kusahau au kutetemeka, usiseme amerogwa. Mpeleke hospitalini apimwe.