Mfereji wa Seyyid Barghash na Bomba Lisilo na Mwenyewe

Ibn Battuta aliposhuka Mombasa mwaka 1331, akiwa njiani kwenda Kilwa, hakutuachia habari nyingi za mji ule, kwani alilala usiku mmoja tu kisha akashika safari yake; lakini katika hizo chache alizoziandika hakuacha kutaja visima vilivyokuwa milangoni mwa misikiti, vyenye kina cha dhiraa moja au mbili, na chombo cha mti chenye mpini mwembamba wa kuchotea, na sakafu iliyotengenezwa kuvizunguka, na jamvi la kufutia miguu kabla mtu hajaingia kuswali. Msafiri huyu alikwisha kuona Misri, Sham na Hijazi, wala hakuwa mtu wa kustaajabia kisima. Alichokiona kuwa chastahili kuandikwa ni utaratibu, yaani kwamba maji yale yalikuwa na mahali pake, na chombo chake, na watu wa kuyaangalia.

Utaratibu huo ndio uliotawala maji ya mwambao kwa karne nyingi kabla ya kuja bomba. Huko Kilwa, katika magofu ya Husuni Kubwa, lingalipo birika la pembe nane la karne ya kumi na nne. Na Gedi mgeni huonyeshwa kisima kirefu kando ya msikiti mkuu. Lamu nako, katika mabirika ya misikiti na ya nyumba, watu waliweka samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na maji matamu ya mji ule hutoka katika vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo huyapokea maji ya mvua, yakachujika na kukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini. Aghalabu kisima kilikuwa ama milki ya nyumba ama wakfu wa msikiti, na aliyekirithi alirithi pamoja nacho udhia wake wa kukizoa tope, kukijengea ukingo na kukitilia kamba mpya. Mtu angeweza kuyatoa maji yake bure kwa majirani, na wengi walifanya hivyo, lakini hakuna aliyeuliza kisima ni cha nani.

Mji wa Unguja ndio uliokuja kuuvunja utaratibu huu, kwa sababu ulikua haraka kuliko visima vyake. Ardhi ya Mji Mkongwe ni rasi nyembamba ya mawe ya matumbawe iliyozungukwa na bahari karibu pande zote, na kisima kinachochimbwa humo hakikawii kufikia maji ya munyu, yanayofaa kufulia na kuoshea lakini yasiyomkata mtu kiu; na pale ambapo maji yalikuwa matamu, makaro ya nyumba nayo hayakuwa mbali. Wenye nguvu waliletewa maji ya kunywa kutoka nje ya mji, vichwani mwa watumwa na vibarua, nao wanyonge walikunywa walichokipata. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1869 na kuendelea mwaka 1870 kilikuta mlango uko wazi, kikaua maelfu ya watu. Na tabibu James Christie, aliyekuwa akitibu mjini wakati ule, aliyakusanya aliyoyaona katika kitabu kilichotoka mwaka 1876, nacho hata leo ni katika vitabu vyenye manufaa makubwa kwa mwenye kutaka kujua jinsi mji ule ulivyokuwa ukiishi.

Katika mwaka huo huo wa 1870 ndipo alipotawala Seyyid Barghash bin Said. Watu humkumbuka kwa Beit al-Ajaib, lakini mimi naona kazi yake kubwa kuliko zote ni ile isiyoonekana sana, nayo ni kuyateremsha maji ya Chemchem, upande wa kaskazini, mpaka mjini. Ajuaye tarehe ya bwana huyu hataona ajabu. Mwaka 1859 alishindana na nduguye Seyyid Majid juu ya ufalme, akashindwa, akapelekwa Bombay, akakaa huko mpaka mwaka 1861. Na Bombay nayo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikitaabika kwa ukame na visima vyenye maji mabaya, ilianza kupata maji ya bomba mwaka 1860 kutoka ziwa la Vihar, lililofanywa kwa kuuzuia mto wa Mithi. Basi mwana wa mfalme, naye yu uhamishoni, alikuwako katika mji ule ule, katika mwaka ule ule, wakati watu maelfu kwa maelfu walipoona kwa mara ya kwanza maji yakija kwa miguu yake yenyewe. Sidai kwamba yupo aliyemsikia akisema, «Nitafanya haya Unguja». Lakini mwenye macho hujifunza hata akiwa mfungwa.

Maji ya Chemchem yalipita katika mifereji iliyojengwa kwa mawe na chokaa na katika mabomba, yakahudumia mji, na majumba ya Seyyid, na hamamu ya watu wote aliyoijenga katika mtaa ambao mpaka leo unaitwa Hamamni. Watu walipewa maji yale bila ya malipo. Wala hapakuwa na la ajabu kwa wakati ule, kwa kuwa kumnywesha mtu maji katika dini yetu ni sadaka ya juu: imepokewa kwamba Saad bin Ubada alipofiwa na mamaye alichimba kisima kiwe sadaka yake, na Zubaida, mke wa Harun al-Rashid, jina lake halijatoka vinywani mwa mahujaji kwa ajili ya maji aliyowapelekea Makka. Seyyid Barghash alifuata nyayo za watu wa namna hiyo, na thawabu yake iko kwa Mola wake.

Lakini ziko sadaka mbili zinazofanana kwa nje zikatofautiana kwa ndani, na tofauti hiyo ndiyo asili ya mashaka tuliyo nayo mpaka leo. Mabusaidi, ukoo wa Seyyid Barghash, walitoka Oman, nchi ya aflaj, ambako maji hukokotwa chini ya ardhi kutoka vilimani mpaka vijijini kwa mifereji ya kale sana, mitano kati yake ikiwa imeingizwa na UNESCO mwaka 2006 katika urathi wa dunia. Katika falaji, yaani mfereji mmoja wa namna hiyo, maji ya kunywa ni ya kila mpitaji, wala haulizwi mtu. Baada ya hapo huja ya msikiti na ya kuogea. Kisha huja mashamba, ambayo kila moja lina fungu lake linalohesabiwa kwa athari, yaani takriban nusu saa, zamani kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Yuko wakili wa kusimamia, na yako mafungu yanayonadiwa ili fedha yake itengeneze mfereji unapobomoka. Yasimuliwa kwamba Imam Saif bin Sultan, ambaye majeshi yake yaliitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, alisifika kwao kwa kufufua aflaj kuliko kwa vita vyake. Kwa hiyo falaji humnywesha kila mtu bure, na hapo hapo ina wenyewe wanaojulikana kwa majina na kwa mafungu. Mfereji wa Unguja ulichukua nusu ya kwanza ya hikima hii ukaiacha ya pili: ulikuwa na mfadhili, haukuwa na wenyewe, na mfadhili akifa, au dola ikibadilika, aliyebaki ni mtumiaji tu.

Dola ikabadilika. Uingereza iliitia Unguja katika himaya yake mwaka 1890, na kazi ya maji ikawa ya ofisi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 maji yakahesabiwa kuwa huduma ya Serikali isiyolipiwa, na hali hiyo iliendelea mpaka ilipoundwa Mamlaka ya Maji kwa sheria ya mwaka 2006 na watu wakaanza kuzoea ankara. Katika muda wote huo bomba kubwa la barabarani lilikuwa na wa kuliangalia, hata kama hakuliangalia vizuri. Na koki ya ndani ya nyumba ilikuwa na mama wa nyumba wa kuilalamikia. Kilichokosa mwenyewe ni kile kipande cha katikati, kitokacho bomba kubwa mpaka ukutani mwa nyumba, ambacho ofisi husema ni cha mwenye nyumba na mwenye nyumba husema ni cha ofisi. Kipande hicho kimezikwa na babu, kikaunganishwa na jirani kwa ruhusa ya mdomo, kikapitishiwa chini ya baraza ya mtu wa tatu, na aliyejua kilipopita amekwisha kufa.

Ama kile kilichofanywa mabomba yenyewe, hapo napo tuna tarehe inayofaa kujulikana na kila mwenye kutaka kulibadilisha bomba la nyumba yake. Warumi walitumia risasi, ingawa mhandisi wao Vitruvius alikwisha kuwaonya kwamba maji ya bomba la udongo ni salama zaidi. Na Ulaya na Marekani wakawafuata kwa muda mrefu, kwa kuwa risasi hupindika kwa mkono na haioti kutu. Mji wa Chicago uliamrisha bomba la risasi katika nyumba mpaka ilipokatazwa na sheria ya nchi mwaka 1986, na mji wa Flint, ulipobadilisha chanzo cha maji yake mwaka 2014 bila ya kuyatia dawa ya kuzuia ulikaji, uliona risasi ikimomonyoka na kuingia katika vikombe vya watoto. Kwetu nyumba nyingi ziliwekewa chuma kilichopakwa zinki, ufundi ambao Mfaransa Stanislas Sorel aliupatia hati mwaka 1837. Hata hivyo risasi haikutuepuka kabisa, kwa maana viungo vya mabomba makubwa ya chuma cha kusubu vilizibwa kwa uzi wa katani na risasi iliyoyeyushwa, na katani hiyo mpaka leo mafundi wetu huisokota kwenye nyuzi za bomba kabla ya kukaza.

Chuma cha kusubu kilikuwa na sifa ya umri: mabomba aliyotandaziwa Mfalme Louis wa 14 katika bustani za Versailles, katika miaka ya 1660, mengine yalipitisha maji kwa zaidi ya miaka 300. Bomba jembamba la zinki halina bahati hiyo, khasa mwambao. Udongo wenye chumvi huula utando wa zinki kwa nje, na maji huula kwa ndani. Utando ukisha, kutu hujengeka na kuvimba mpaka bomba lililonunuliwa la inchi moja hubaki na tundu la kupitisha kalamu, wakati kwa nje lingali linaonekana zima. Na maji yetu yanayotoka katika mawe ya chokaa huongeza gamba lake juu ya kutu. Mwenye nyumba hudhani maji yamepungua mtaani. Fundi humwambia anunue pampu. Kumbe maji yapo, njia ndiyo haipo. Kukata kipande kilichotoboka na kuunga kipya ni gharama ya bure, kwa sababu bomba lililozeeka mahali pamoja limezeeka pote, na kila kiungo kipya ni mlango mwingine wa kuvuja.

Plastiki imekuja kuyatengeneza mengi katika haya, na mwenye kuidharau kwa sababu ni nyepesi hajaitazama vizuri. Polithini iligunduliwa Uingereza mwaka 1933, na Wajerumani walikuwa wakitandaza mabomba ya PVC katika muongo huo huo. Bomba jeusi la polithini, linalouzwa kwa kuviringwa, lina faida ambayo chuma hakikuwa nayo kamwe: laweza kutoka barabarani mpaka nyumbani bila ya kiungo hata kimoja njiani, halioti kutu, na ardhi ikisogea nalo hujipinda. Bomba gumu la PVC ni rahisi na zuri likizikwa vyema, lakini likiachwa juani hukauka na kuvunjika, na viungo vyake vya gundi humtegemea fundi asiye na haraka. Yale mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa kuyeyushwa kwa moto yafaa ndani ya nyumba. Kwa kipande kile kisicho na mwenyewe, mimi naona polithini ni aula, kwa sharti kwamba mnunuzi asome nguvu ya mgandamizo iliyopigwa chapa ubavuni mwa bomba, asikubali bomba lisilo na chapa, na alizike chini ya kina ambacho jembe na gurudumu haviwezi kulifikia, juu ya kitanda cha mchanga usio na mawe.

Wala hili si suala la starehe. Maji yanapokatwa mtaani, bomba lililotoboka hubaki tupu na hunyonya kilicho pembeni yake, na vichochoro vyetu vina makaro. Maji yanaporudi, kilichonyonywa huja nayo mpaka kwenye mtungi. Njia iliyopitiwa na kipindupindu mwaka 1869 ilikuwa kisima kilichokaribiana na uchafu. Tundu la bomba bovu laweza kuirudisha njia ile ile chini ya baraza.

Kwa hiyo namwomba msomaji mwenye nyumba afanye mambo mawili kabla ya mvua za masika. Kwanza, awaulize wazee waliobaki bomba lake lapita wapi na ni la kitu gani, ayaandike hayo katika karatasi na kuiweka pamoja na hati ya nyumba. Pili, akiona ni la zinki na la zamani, asilibandike viraka, bali akae na majirani wanaounganishwa naye, wahesabiane mafungu kama watu wa falaji wanavyohesabiana, walibadilishe lote kwa siku moja, kisha wamchague mmoja wao awe wakili wake.