Swichi Iko kwa Nani?

Stima ilifika Ruiru kabla ya watu wa Ruiru kufikiwa na stima. Inasikika kama kitendawili, lakini ni historia tu. Mwaka wa 1908, mhandisi Clement Hirtzel alipewa haki ya kipekee ya kuuzia mji wa Nairobi umeme. Maji ya mto Ruiru ndiyo yaliyozungusha mitambo, na nyaya zikapita juu ya mashamba kuelekea mjini. Waliokaa chini ya nyaya hizo waliendelea na taa za mafuta kwa miaka mingi.

Mwaka wa 1922, kampuni ya Nairobi na ile ya Mombasa ziliunganishwa zikawa East African Power and Lighting. Mnamo 1924 kituo kingine, Ndula, kikaanza kazi kwenye mto Thika. Nguvu yake ilikuwa megawati 2, yaani birika 1,000 za umeme za siku hizi zikichemsha maji kwa wakati mmoja. Mito ilikuwa yetu, lakini swichi ilikuwa mahali pengine. Jina la kampuni lilibadilika mwaka wa 1983 likawa Kenya Power and Lighting, na leo tunasema Kenya Power, ama tunasema tu "wale watu wa stima".

Mimi ni fundi wa stima. Miaka ya karibuni kazi yangu kubwa imekuwa nyumba janja: taa, geti, kamera, mapazia, televisheni na spika zinazoendeshwa kwa simu, kuanzia Kamakis na Membley hadi Ngoingwa na Section 9. Wateja hudhani hii ni teknolojia iliyoshuka juzi kutoka mbinguni. Mimi kila nikifungua kisanduku cha swichi ukutani, naona historia imelala ndani.

Chukua mfano wa nyutro. Tulirithi kutoka kwa Waingereza soketi ya matundu matatu, volti 240, na pia mtindo wao wa kupitisha nyaya. Katika mtindo huo, laivu na nyutro hufika kwanza kwenye taa darini, halafu swichi inateremshiwa waya mbili tu: laivu inayokuja na laivu inayorudi. Kwa swichi ya kawaida hiyo inatosha kabisa, kwa sababu kazi yake ni kukata na kuunga. Lakini swichi janja ina kompyuta ndogo ndani yake, na kompyuta hiyo inataka kula stima hata taa ikiwa imezimwa. Bila nyutro, haina pa kukamilishia safari ya umeme wake. Ziko swichi zinazojaribu kukwepa shida hii kwa kupitisha umeme kidogo kwenye balbu yenyewe. Ndiyo maana unakuta LED imezimwa lakini bado inamulika kama kimulimuli. Mteja anafikiri nyumba ina mashetani, kumbe ni Mwingereza alibana waya.

Kwa hivyo, kwenye nyumba za zamani za Thika, kazi ya kwanza ya teknolojia mpya ni ya jasho: kuvuta nyutro ndani ya paipu ambazo wakati mwingine zimeziba kwa simiti. Katika nyumba mpya ninamwomba mwenye nyumba jambo moja kabla ya plasta: kila swichi ipate nyutro, na kila televisheni ipate paipu tupu ya ziada. Paipu tupu ni rahisi kuliko majuto.

Sasa turudi kwa swali la swichi. Kifaa cha kwanza kilichojiendesha chenyewe katika nyumba nyingi za mtaani hakikuwa taa ya kuzimwa kwa simu. Kilikuwa mita ya tokeni, ambayo Kenya Power ilianza kuijaribu mwaka wa 2009. Mita ile inahesabu, inaonya, kisha inakata bila mtu kupanda ngazi. Kila tokeni ya tarakimu 20 imebeba alama ya wakati, dakika zinazohesabiwa kuanzia mwaka wa 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inaishia tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu mwaka huo tulipata zile tarakimu nyingi za ziada na kuambiwa tuziingize kwenye mita kabla ya siku hiyo. Majirani waliniita usiku wakisema mita imerogwa. Haikurogwa. Ilikuwa inarekebishiwa saa.

Mwaka wa 2012 ikaja M-KOPA: paneli ya sola, taa na redio vya kulipia pole pole, na ndani ya kisanduku chake laini ya simu. Ukilipa, mfumo unafunguliwa kutoka mbali. Usipolipa, unafungwa. Jua ni la Mungu, paa ni lako, lakini ruhusa inatoka kwa kompyuta ambayo hujawahi kuiona. Sisemi ni vibaya. Kuna watoto wengi waliosomea kwa taa hizo. Ninachosema ni kwamba sisi tulijua nyumba inayoendeshwa kutoka mbali kabla ya kusikia neno "nyumba janja", na aliyeshika rimoti alikuwa anayedai.

Hata televisheni ilitufunza hivyo hivyo. Februari 2015, wakati wa kuhamia dijitali, vituo vikubwa vya nchi hii vilizimika hewani kwa wiki kadhaa katika mvutano wa wenye vituo na serikali. Juu ya mapaa ya Makongeni, antena ndefu za alumini zikabaki kama mifupa ya samaki. Fundi wa antena alilazimika kuwa fundi wa dekoda, kisha fundi wa dishi, kisha wa kamera na waifai. Wengi wa wale ninaofanya nao kazi leo walipitia njia hiyo.

Ndiyo maana nikishika vifaa vipya naviuliza swali la zamani. Ukienda Luthuli Avenue utapata swichi za waifai za bei nafuu, Sonoff na nyingine nyingi zinazotumia mfumo wa Tuya. Zinafanya kazi vizuri. Lakini nyingi, zikiachwa jinsi zilivyotoka kiwandani, zinategemea seva. Unabonyeza simu ukiwa kitandani, amri inatoka kwa waifai, inaenda kwenye kompyuta ng'ambo, inarudi Ruiru, inafika kwenye taa iliyo mita mbili kutoka kichwani mwako. Intaneti ikikatika, taa inakuwa mbali kuliko Ulaya. Na balbu janja nyingi, stima ikipotea kisha irudi saa tisa usiku, huwaka zote pamoja, kwa sababu ndivyo zilivyopangwa kiwandani na mtu ambaye hakuwazia mtaa ambako stima hupotea mara kwa mara.

Aprili 2022, wateja wa kampuni ya Marekani iitwayo Insteon waliamka wakakuta seva zimezimwa bila taarifa. Nyumba zao zilikuwa pale pale, vifaa viko ukutani, lakini programu ya simu haikujibu. Baadaye kikundi cha wateja wenyewe kiliinunua na kuifufua. Wale walikuwa na pesa za kununua kampuni. Hapa kwetu nani atanunua?

Si lazima kwenda Marekani. Mwaka uliopita mama mmoja wa Ngoingwa aliniita. Kampuni iliyomfungia mfumo, ambayo sitaitaja, ilikuwa haipokei tena simu zake. Akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya fundi wao, paswadi zilikuwa kwa fundi, na fundi alikuwa ameacha kazi. Geti lilifunguka kwa mkono, sebule ilikuwa na spika nne zisizoimba, na jikoni swichi za ukutani zilikuwa zimeondolewa kabisa ili ukuta "upendeze". Aliniangalia akauliza, "Fundi, hii nyumba ni yangu ama ni ya simu?" Nilimjibu, "Ni yako, mama. Nipe siku tatu." Zikawa tano, na sehemu ya vifaa ilibidi itupwe.

Njia nyingine zipo. Home Assistant, programu ya bure iliyoanza mwaka wa 2013, inakaa kwenye kompyuta ndogo ndani ya nyumba na inaendesha taa hata intaneti ikipotea. Mfumo wa KNX, unaotumiwa sana Ulaya, hupitisha amri kwa waya wake wenyewe bila seva ya mtu, ingawa bei yake ni ya wenye nazo. Oktoba 2022 kampuni kubwa zilitoa kanuni ya pamoja iitwayo Matter, ili kifaa cha huyu kielewane na cha yule humo humo ndani ya nyumba. Hakuna muujiza hapo, lakini mwelekeo ni ule ule: swichi irudi nyumbani.

Kwa upande wetu mafundi, leseni ya EPRA inatubana kwenye nyaya. Upande wa paswadi tumeachiwa dhamiri. Mimi nimejiwekea masharti matatu. Kila taa ibaki na swichi ya ukutani inayofanya kazi kwa kidole, simu iwe na chaji au isiwe nayo. Kila akaunti ifunguliwe kwa jina na barua pepe ya mwenye nyumba, mbele yake. Na kabla ya kupokea pesa ya mwisho, ninamkabidhi daftari lenye mchoro wa nyaya, paswadi zote, na maelezo ambayo fundi mwingine anaweza kuyafuata bila kunipigia.

Kuna wenzangu wanaoniambia daftari hilo linanifukuzia wateja, kwamba mtu asiyekuhitaji hatakurudia. Labda. Lakini mito ya Ruiru na Thika iliwasha taa za wengine kwa miaka mingi, na mita zetu zinasikiliza tarakimu kutoka ofisi za mbali. Sitaki kuwa mkono mwingine mrefu ndani ya nyumba ya mtu.