Uzi na Neno: Msamiati wa Nguo na Ushonaji kutoka Ujiji hadi Nyarugusu



1. Utangulizi

Mada niliyoichagua huenda ikaonekana ndogo mbele ya hadhira iliyozoea kusikia habari za utenzi, riwaya na sarufi. Nakusudia kuzungumzia nguo: namna inavyochaguliwa, inavyokatwa na inavyoshonwa, na hasa maneno yanayoandamana na kazi hiyo. Mahali nitakapofikia ni Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoko wilayani Kasulu, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma. Haihusiani na mji wa machimbo wenye jina hilohilo huko Geita. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea watu waliokimbia vita vya Kongo ya mashariki, wengi wao kutoka pande za Fizi na Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2015 ikapokea maelfu ya Warundi, na ilipojaa, kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa tena mwaka huohuo.

Hoja yangu ina sehemu mbili. Kwanza, majina mengi ya vitambaa katika Kiswahili yamesafiri pamoja na bidhaa zenyewe, na kwa hiyo ni ya kukopa, ilhali vitenzi vya mkono ushonao ni vya asili ya Kibantu. Pili, kamusi zetu zimeuhifadhi vizuri msamiati wa fundi wa kanzu wa pwani, lakini zimeuacha nje ule wa mwanamke ashonaye bara. Pengo hilo lina gharama, na Nyarugusu ni mahali ambapo gharama hiyo yaonekana wazi.

2. Nguo zilizopita Ujiji

Kabla ya nguo za dukani kuenea, Waha na majirani zao Warundi walivaa ngozi na magome ya miti ya jamii ya mkuyu, yaliyopondwa hata yakalainika. Katika Kirundi, impuzu, neno lililohusu nguo hiyo ya gome, leo ni jina la mavazi kwa jumla. Upande wa kusini, katika Ufipa, watu walifuma nguo za pamba kwa mkono. Haikuwa nchi ya watu wasiojua nguo.

Misafara ya karne ya 19 ilileta nguo ya aina nyingine. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Seyyid Said, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliuza Unguja kitambaa cha pamba kisichopaushwa, nacho kikaitwa merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipokata biashara hiyo, viwanda vya Uingereza na Bombay vilichukua nafasi. Jina halikubadilika: kitambaa cha Bombay nacho kiliitwa merikani. Hapo twaona kanuni ya kwanza ya msamiati huu. Jina hubeba asili ya bidhaa, kisha huisahau asili hiyo na kubaki kuwa jina la aina.

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walikuta nguo ikitumika kama fedha. Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, aliorodhesha merikani, kaniki na vitambaa vya rangi vingi, pamoja na vipimo vyake. Shuka ilikuwa mikono minne, yaani yadi mbili. Doti ilikuwa shuka mbili. Na jora lilikuwa bunda zima. Doti ni neno la Kihindi. Leso ni la Kireno. Bafta na cherehani asili yake ni Kiajemi. Bitana na mkasi ni ya Kiarabu. Gauni, yadi na zipu ni ya Kiingereza. Methali yasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa upande wa maneno, methali hiyo haikutimia: tumeazima karibu majina yote ya nguo, nayo yametusitiri vema.

Merikani haikuishia Ujiji. Ilivuka ziwa pamoja na Kiswahili cha misafara hadi Kasongo na Nyangwe, na huko Kongo neno amerikani liliendelea kutumika hata chini ya utawala wa Wabelgiji. Naomba wasikilizaji walishike jambo hili. Kiswahili kinachosemwa Nyarugusu na watu wa Fizi ni mtoto wa Kiswahili kilichovuka kwenda magharibi katika karne ya 19. Mwaka 1996 kilivuka kurudi mashariki.

3. Leso: mshono uliozaa vazi

Simulizi la pwani kuhusu asili ya kanga lastahili kusomwa kama habari ya ushonaji. Wanawake walinunua leso, yaani vitambaa vya mkononi vilivyochapwa, vikiwa bado havijakatwa kutoka katika jora. Walichukua vipande sita, wakavipanga safu mbili za vitatu vitatu, wakaviunganisha kwa sindano kuwa vazi moja. Baadaye wafanyabiashara waliiga ubunifu huo na kuchapisha nguo nzima kwa mpango uleule wa pindo na mji. Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara yake Mombasa mwaka 1887, ndiye aliyejulikana zaidi, kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla". Jina leso lingali likitumika Mombasa kwa vazi hilo zima, ingawa mshono uliolizaa umetoweka.

Kwa hiyo vazi tunalolihesabu kuwa kielelezo cha utamaduni wa Waswahili lilianza kama kazi ya kuunga vipande. Kiwanda kilifuata mkono wa mwanamke, hakikuutangulia.

4. Kitenge na njia ya magharibi

Kitenge kina nasaba nyingine. Batiki za Java ziliigwa na viwanda vya Uholanzi, kikiwemo kile cha Vlisco kilichoanzishwa Helmond mwaka 1846, na nguo hizo zikapata soko Afrika ya Magharibi na kuenea hadi Kongo. Wakati wa ukoloni Kongo ilikuwa na viwanda vyake vya nguo, kimoja kikiwa Albertville, yaani Kalemie ya leo, kando ya Ziwa Tanganyika. Tanzania ilifungua Urafiki, Dar es Salaam, mwaka 1968, na ilikuwa na Mwatex, Mwanza. Burundi ilikuwa na Cotebu, Bujumbura. Leo vitenge vingi vya masokoni vyatoka China na India.

Katika Nyarugusu kitambaa hicho kimoja kina viambishi vitatu. Mtanzania husema vitenge. Mkongo husema bitenge, kwa kuwa ngeli ya vi- katika Kiswahili cha Kongo hutamkwa bi-. Mrundi akitumia lugha yake husema ibitenge. Wanafunzi wa fonolojia hawahitaji mfano bora zaidi wa shina moja katika mavazi matatu. Zaidi ya hayo, Mkongo ana kikwembe kwa nguo ya kujifunga, na kutoka Lingala ana liputa kwa nguo hiyohiyo na libaya kwa blauzi ishonwayo kuandamana nayo.

Tatizo huanza katika kipimo. Kwa Mkongo, kitenge kamili cha kushonea ni yadi sita, navyo hugawanywa vipande vitatu vya yadi mbili mbili: kimoja cha kujifunga, kimoja cha libaya, kimoja cha kujitanda au kumbebea mtoto. Muuzaji aliyezoea hesabu ya doti huwaza yadi nne. Yadi mbili ni ileile shuka aliyoiandika Burton. Tofauti ni idadi yake katika vazi zima. Basi mteja akiagiza "kitenge kimoja" na fundi akaelewa doti, vazi litapungukiwa na kipande kizima. Kwa mtu aliyeuza sehemu ya mgawo wake wa chakula ili apate kitambaa, hilo ni hasara halisi. Mkasi ukishapita, hakuna sarufi itakayorudisha kilichokatwa.

5. Kitenzi kishonacho

Tukitoka katika nomino na kuingia katika vitenzi, mandhari hubadilika. Kata, pima, pinda, kunja, fuma, shona, funga: vyote ni vya Kibantu. Unyambuaji wake nao ni hai. Shona hutoa shonea, shonesha, mshonaji, mshono, na kinyume chake shonoa, kama vile fuma hutoa fumua na kunja hutoa kunjua. Lugha iliyokuwa na kitenzi cha kufumua mshono ni lugha ya watu waliorekebisha kazi zao, wasiotupa nguo kwa kosa moja. Mshono wenyewe umepanuka maana: hapo zamani ulikuwa mstari wa uzi, leo dada wa mjini akiomba "mshono mpya" ataka mtindo.

Kitenzi tunga chatufundisha zaidi. Katika Kiganda kutunga ni kushona; katika Kizulu thunga ni hivyohivyo; katika Lingala kotonga ni kushona na pia kujenga. Kiswahili kiliacha maana ya kushona, kikabaki na kutunga shanga na kutunga mashairi. Mtunzi na mshonaji, kwa hiyo, ni ndugu wa shina moja, na ukumbi huu uliozoea kumheshimu wa kwanza hauna sababu ya kiisimu ya kumdharau wa pili.

6. Elimu ya kuchagua kitambaa

Kuchagua kitambaa ni elimu yenye istilahi zake. Mshonaji hodari hutazama kwanza pande mbili za kitenge: kilichochapwa kwa nta rangi yake hupenya, upande wa ndani ukafanana na wa nje, cha kuiga hupauka nyuma. Hukifikicha mkononi kuona kama ugumu wake ni wa uzi au wa wanga tu, maana wanga huisha katika maji ya kwanza. Huchomoa uzi mmoja na kuuchoma: wa pamba huacha jivu na harufu ya karatasi iunguayo, wa sintetiki huyeyuka na kuganda kama shanga. Kisha hutafuta mtande, yaani nyuzi za urefu, na mshindio, yaani nyuzi za upana. Gauni hukatwa kwa kufuata mtande, kwa kuwa mshindio hulegea zaidi; likikatwa kinyume litaning'inia vibaya.

Kwa mfarishi wa viraka sheria huwa kali zaidi. Pamba hurudi inapofuliwa, hivyo mabaki ya vitambaa hufuliwa kabla ya kuungwa, la sivyo kiraka kimoja kitajikunja na kuvuta jirani zake. Kizito hakiungwi na chepesi, wala kikuukuu na kipya, kwani kipya kitakirarua kikuukuu. Vipande hushikizwa kwanza kwa bandi, kisha hushonwa kwa mshono wa kudumu, na tabaka zote hudariziwa pamoja. Darizi ni jamaa ya neno la Kiajemi la mshono, ambalo pia limewapa Wahindi jina la fundi wa nguo. Mfarishi si anasa katika nyanda za Kasulu na Kibondo, ambako usiku wa kiangazi ni wa baridi.

7. Kamusi na watu iliyowasahau

Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yatueleza kanzu kipande kwa kipande: badani, taharizi, kikwapa, sijafu, kaba. Ni kazi ya kupendeza, na iliwezekana kwa sababu lahaja ya Unguja ilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji mwaka 1928, na mafundi wa Unguja walikuwa wanaume wenye vibaraza barazani mwa mji. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilirithi hazina hiyo. Lakini libaya hutalikuta humo, wala bitenge. Kiswahili cha Kongo kimechunguzwa na wataalamu kama Polomé, Fabian na Schicho. Hata hivyo, utafiti huo umekaa zaidi Katanga na katika maktaba za Ulaya kuliko katika kamusi zetu.

Matokeo yake ni kwamba neno la mshonaji wa Kikongo huitwa kosa. Msichana ajifunzaye ushonaji kambini husahihishwa aseme vitenge badala ya bitenge, kana kwamba fundi aliyemfunza mama yake huko Fizi hakuwa na lugha. Sikatai usanifu, nimeutumikia maisha yangu yote. Nasema kwamba kusanifu ni kuchagua umbo la kuandikia mitihani, si kufuta historia ya maumbo mengine.

8. Hitimisho

Kambi ni makazi ya muda. Lugufu ilifungwa, Mtabila ilifungwa mwaka 2012, Mtendeli mwaka 2021. Kila kambi inapofungwa, watu huondoka na maneno yao, na jamii ya lugha iliyochukua miaka mingi kuungana hufumuliwa kwa siku chache. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi mnaotafuta mada za tasnifu msiogope kwenda na daftari penye cherehani. Ulizeni jina la kila kipande, la kila mshono, la kila kipimo. Andikeni umbo kama linavyotamkwa, na mtaje mahali msemaji alikolipata. Ulizeni wanawake, maana wao ndio waliounga leso sita kuwa vazi moja kabla kiwanda hakijafikiria kufanya hivyo.

Kamusi njema hushonwa kama mfarishi: vipande hutoka mbali, huchaguliwa kwa uangalifu, na hakuna kinachoachwa kwa sababu tu kimetoka ng'ambo ya ziwa.