Usafishaji na ulainishaji wa rili

Usafishaji na ulainishaji wa rili ni kazi ya kuondoa chumvi, mchanga na grisi chakavu katika kifaa kinachokunja mshipi kwenye fimbo ya kuvulia, kisha kuzipa sehemu zake mafuta mapya. Adui mkuu ni maji ya bahari. Yakikauka huacha punje za chumvi, nazo huvuta unyevu hewani na kuendelea kula chuma hata rili ikiwa kabatini. Kwa hiyo katika uvuvi wa jodari, nguru na sulisuli, kama ule wa Watamu na mkondo wa Pemba, rili inapaswa kuoshwa siku ileile.

Kabla ya kuosha, breki inayodhibiti utokaji wa mshipi hukazwa ili maji yasipenye kwenye washa zake, yaani visahani vyake. Maji baridi hunyunyizwa kwa upole. Yakirushwa kwa nguvu husukuma chumvi ndani. Rili ikishakauka breki hulegezwa, kwani washa zilizobanwa muda mrefu hubonyea, na samaki akivuta, mshipi hutoka kwa kushtukashtuka hadi kukatika.

Gia na shafti kuu hupakwa grisi isiyoondolewa na maji ya bahari. Beringi hutosheka na tone moja au mawili ya mafuta mepesi. Beringi inayozuia mkono wa rili usirudi nyuma ndiyo yenye kuhitaji uangalifu mkubwa: mafuta yakizidi, vigurudumu vyake huteleza na mkono huzunguka kinyume. Washa za nyuzi za kaboni hupewa grisi maalumu ya breki, utando mwembamba tu.