Mlima Uliotwaliwa Bila Ruhusa: Kijiji cha Dronagiri na Madai Yake dhidi ya Hanuman

Mwaka 2016 serikali ya jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India, ilitangaza kwamba ingetenga rupia milioni 250 kuitafuta sanjivani, mmea ambao utenzi wa Ramayana unausifu kwa kumrudishia uhai Lakshmana, mdogo wake Rama, alipokuwa amelala kama maiti kwenye uwanja wa vita. Eneo lililotajwa kwa msako huo ni safu ya Dronagiri, wilayani Chamoli, karibu na mpaka wa China. Ubishi uliofuata ulizunguka swali moja tu: mmea huo upo au haupo? Makala haya yanadai kwamba swali hilo liliulizwa mapema mno. Chini ya vilele hivyo kuna kijiji chenye swali lililotangulia, na serikali haikuonyesha dalili ya kulisikia. Mmea ukipatikana, ni wa nani? Na anayekuja kuuchukua amemwomba nani ruhusa?

Kijiji chenyewe kinaitwa Dronagiri. Kiko katika Bonde la Niti, mita zipatazo 3,600 juu ya usawa wa bahari, na ili kukifikia inabidi mtu aiache barabara ya Malari na kupanda kwa miguu. Wakazi wake ni Wabhotia, watu waliozoea tangu zamani kufuga kondoo na mbuzi na kuvuka milima kufanya biashara na Tibet, mpaka vita vya India na China vya mwaka 1962 vilipoifunga njia hiyo. Majira ya joto huishi juu; theluji ikikaribia hufunga nyumba zao na kuteremka mabondeni. Kilele cha Dunagiri, chenye mita 7,066, kimesimama juu ya malisho yao, na mungu wanayemtegemea ni mlima wenyewe, Parvat Devta.

Hawa ni Wahindu, na hawana ugomvi na Rama. Lakini Hanuman hawamwabudu. Msomaji asilichukulie jambo hili kama upendeleo mdogo wa ibada. Hanuman, nyani shujaa na mwana wa mungu wa upepo, ni miongoni mwa miungu wanaopendwa kuliko wote kaskazini mwa India. Sanamu zake zilizopakwa rangi nyekundu ziko njia panda, vituo vya basi, viwanja vya mieleka na milango ya vijiji. Dronagiri bendera yake nyekundu haipandishwi. Sababu wanayoitoa ni kwamba aliwaibia. Alikuja wakati Parvat Devta yuko katika tafakuri, hakubisha hodi wala hakuomba, akaung'oa mkono wa kulia wa mungu huyo pamoja na mimea iliyoota juu yake na kuondoka nao kwenda Lanka, alikolala Lakshmana. Wanaosimulia huongeza kwamba jeraha halijapona na damu bado inatoka.

Kuna kipande kingine cha simulizi hii ambacho waandishi wengi hukigusa na kukiacha. Hanuman, alipofika, hakujua aelekee wapi. Alimkuta bibi kizee, akamuuliza, na bibi akamwonyesha kwa kidole mahali mimea ilipo. Kwa kosa hilo la ajuza mmoja, inasemekana, wanawake wa kijiji hutengwa na ibada ya mlima, na siku ya ibada hiyo wanaume hawali chakula kilichopikwa na wanawake. Nitarejea kwa bibi huyu, kwa kuwa kwa maoni yangu ndiye shahidi mkuu wa kesi nzima.

Kuhusu jinsi masimulizi ya vijijini yanavyohusiana na maandiko ya Kisanskriti, wanazuoni wamekubaliana kwa kiasi kikubwa kwamba njia ni ya pande mbili. M. N. Srinivas, katika kitabu chake cha 1952 kuhusu Wacoorg, alieleza jinsi makundi ya chini yanavyopanda hadhi kwa kuiga ibada za Wabrahmini. McKim Marriott, mwaka 1955, alionyesha kwamba miungu na sherehe za kijiji hupanda kuingia katika mapokeo makuu ya maandiko, na za mapokeo makuu hushuka na kuvaa sura ya kijiji. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu uko kwenye dhana iliyojificha ndani ya picha hiyo, kwamba kinachopanda na kushuka ni kitu kimoja, yaani hadithi, na kwamba kijiji kikiipokea huipaka rangi za kwao tu. Hata A. K. Ramanujan, ambaye insha yake maarufu kuhusu Ramayana mia tatu ilitutoa katika imani ya matini moja ya asili na nakala zake zenye makosa (na ambayo Chuo Kikuu cha Delhi kiliiondoa kwenye mtaala mwaka 2011, kwa hasara ya wanafunzi wake), bado aliona kila toleo kama namna ya kusimulia. Dronagiri hawasimulii Ramayana yao. Wanaifungulia kesi Ramayana ya wenzao. Kupokea hadithi na kuishtaki ni matendo mawili tofauti, na nadharia ya kupokea haina nafasi ya mdai.

Ushahidi wangu mkubwa uko ndani ya matini yenyewe. Katika Kitabu cha Vita cha Ramayana ya Kisanskriti ya Valmiki, baada ya Indrajit, mwana wa Ravana mfalme wa Lanka, kuwaangusha Rama, Lakshmana na jeshi lao, mzee Jambavan anamtuma Hanuman Himalaya, kwenye mlima wa mimea ya dawa ulio kati ya Kailasa na Rishabha. Mimea anayotajiwa ni minne, na sanjivani ni mmoja tu kati yake. Hanuman anafika, na hapo mshairi anasema jambo ambalo wafafanuzi hulipita mbio: mimea ile ilipotambua kwamba anakuja mtu mwenye shida nayo, ilijificha isionekane. Hanuman anakasirika. Anaukemea mlima kwa kukosa huruma kwa Rama, kisha anakivunja kilele na kuruka nacho. Majeruhi wanapona kwa kuivuta tu harufu ya mimea hiyo. Kisha Hanuman anaurudisha mlima Himalaya, ulikotoka, ndipo anajiunga tena na Rama.

Kwa hiyo mambo mawili yamo kwa Valmiki. Kwanza, mlima ulikataa. Pili, mali ilirudishwa. Mshairi alijua kwamba kuna deni, akalilipa ndani ya ubeti mmoja. Mpinzani atasema kwamba kijiji kinalalamikia tukio jingine, lile la baadaye ambapo Lakshmana anachomwa mkuki wa Ravana na Hanuman anatumwa mara ya pili. Iwe hivyo, anayerudi mara ya pili kuchukua bila kuomba hajapunguza kosa la mara ya kwanza.

Sasa tumtazame Tulsidas, ambaye Ramcharitmanas yake, iliyoanza kutungwa mwaka 1574, ndiyo Ramayana inayojulikana zaidi na watu wa kaskazini mwa India. Humo Hanuman anauona mlima, anashindwa kuutambua mmea, na papo hapo anaung'oa mlima mzima. Mimea haijifichi tena. Sababu ya kung'oa imehama kutoka kwenye kukataa kwa mlima na kuwa kutojua kwa mchukuaji, na habari ya kuurudisha imetoweka. Katika safari hiyo ya karne nyingi, kutoka mshairi mmoja hadi mwingine, mlima umenyang'anywa hiari yake pamoja na fidia yake. Umebaki kuwa mzigo begani mwa shujaa, na ndivyo unavyochorwa kwenye kalenda za ukutani hadi leo.

Simulizi ya Dronagiri inakirudisha kile ambacho mapokeo makuu yalikifuta. Mlima una mwenyewe. Mwenyewe hakutoa idhini. Kwa Tulsidas hakuna mwenyeji anayeujua mmea, lakini kijijini yupo, naye ni yule bibi. Mchukuaji ana nguvu na haraka, ajuza ana ujuzi, na wizi unawezekana kwa kuwa ujuzi huo ulitolewa bure kwa mgeni. Sijui namna iliyo wazi zaidi ya kueleza mkasa wa mimea ya dawa katika milima hii.

Hata jina la mlima, Dronagiri, yaani mlima wa Drona, linaonyesha kazi iliyofanyika. Drona yumo kwa Valmiki, ila katika sura nyingine na mahali pengine kabisa: ni mmoja wa milima miwili iliyo kwenye bahari ya maziwa, nayo pia ina mimea ya uzima. Mlima wa Himalaya aliouvunja Hanuman katika sura niliyoieleza hauitwi hivyo. Mapokeo ya baadaye yaliiunganisha milima hii miwili. Hili halidhoofishi madai ya kijiji. Linaonyesha kwamba kuutambua mlima ule kuwa mlima huu ni uamuzi uliofanywa na watu wenye haja nao.

Na haja hiyo ni ya ajabu, kwa sababu kwingineko watu wanaojifungamanisha na tukio hili hujitafutia faida. Kilima cha Rumassala, karibu na Galle nchini Sri Lanka, kinasemekana kuwa kipande kilichodondoka begani kwa Hanuman. Juu ya mji wa Shimla, kwenye hekalu la Jakhu, inaaminika alipumzika, na tangu 2010 sanamu yake yenye urefu wa takriban mita 33 imesimama hapo. Auli, katika wilaya ileile ya Chamoli, ina hekalu lake panaposemekana alitua na kuiangalia Dronagiri kwa mbali. Sehemu zote hizo zimepokea baraka. Dronagiri peke yake imechagua nafasi ya aliyedhulumiwa. Nafasi hiyo haiwapi heshima ya kutembelewa na shujaa. Inawapa haki ya kudai.

Anayeona neno kesi kuwa kubwa mno kwa hadithi ya kijijini aitazame nchi yenyewe. Katika Himalaya ya kati miungu huendesha mashauri. Kwenye hekalu la mungu Golu huko Chitai, karibu na Almora, waumini huning'iniza maombi yao yaliyoandikwa kama mashtaka, mengine kwenye karatasi za mahakama zenye stempu, kati ya kengele zisizohesabika zilizoletwa na walioshinda kesi zao. William Sax, katika kitabu chake cha 2009 kuhusu Bhairav, mungu wa haki wa Garhwal, ameeleza jinsi wanyonge wanavyomlilia mungu huyo pale wanapodhulumiwa na wakubwa. Mahali ambapo mungu hupelekewa hati ya mashtaka, haishangazi kwamba mungu naye anaweza kushtakiwa.

Kuna pingamizi mbili nzito. Ya kwanza ni umri: huenda simulizi hii haina zaidi ya vizazi vichache, na huenda wanahabari wameikuza. Nakubali kwamba siwezi kuipa tarehe. Lakini madai hayapimwi kwa ukongwe wake, na kama yamepata nguvu katika zama za hifadhi na misako ya serikali, hilo linaunga mkono hoja yangu. Ya pili inaniuma zaidi. Kesi hii ina hukumu moja tu iliyotekelezwa, nayo imewaangukia wanawake. Hanuman hayupo kulipa. Mjukuu wa yule bibi yupo, na yeye ndiye anayetengwa siku ya ibada. Kijiji kinachodai kutendewa haki kinawanyima haki walioujua mmea. Sioni njia ya kulipamba jambo hili na sitajaribu. Naona tu kwamba hasira imehamishiwa kwa aliye karibu, na kwamba kwa kumlaumu, simulizi imekiri bila kutaka kwamba ujuzi ulikuwa wake.

Nyuma ya haya kuna historia ya kuchukuliwa inayojulikana kwa tarehe. Tarehe 26 Machi 1974, wanawake wa Reni, kijiji cha wilaya hiihii, wakiongozwa na Gaura Devi, waliikumbatia miti ili wakataji wa mkandarasi wasiiangushe. Miaka michache baadaye serikali iliwafungia wanavijiji malisho ya ndani ya mlima Nanda Devi kwa jina la hifadhi. Mimea kama kutki na jatamansi, na kuvu wa thamani kubwa anayeota juu ya mabuu, iliendelea kushuka kutoka milimani kwenda viwandani na sokoni.

Desemba 2018, Mahakama Kuu ya Uttarakhand iliamua katika kesi ya kampuni ya Divya Pharmacy kwamba hata kampuni za Kihindi zinazotumia rasilimali za kibiolojia lazima zigawane faida na jamii zinazozitunza, kwa mujibu wa Sheria ya Bioanuwai ya 2002. Ulikuwa ushindi mkubwa. Kisha marekebisho ya sheria hiyo ya mwaka 2023 yakaleta msamaha kwa ujuzi wa jadi uliokwisha kuandikwa katika vitabu vinavyotambuliwa. Hapa ndipo Valmiki na bibi wa Dronagiri wanapokutana mbele ya wakili. Kilichoandikwa kinaweza kuchukuliwa bila kugawana. Kilichomo vinywani mwa watu wa mlimani kinabaki na ulinzi, lakini nani atathibitisha kwamba kilikuwa chao kabla hakijaingia kitabuni?

Sheria ileile inataka kila serikali ya mtaa iwe na kamati ya bioanuwai na iandae daftari la viumbe na ujuzi wa watu wake. Napendekeza kwamba katika daftari la Dronagiri simulizi ya Parvat Devta iandikwe kama ushahidi wa umiliki, jina la mdaiwa likiwemo. Kwamba wanawake wa kijiji ndio wawe wa kwanza kuhojiwa kuhusu mimea. Na kwamba msako wowote mwingine wa sanjivani usitengewe hata rupia moja kabla mkutano wa kijiji haujaulizwa na kujibu.